Kikombe cha Pili

Ikupa alirudi kutoka kukamua ng'ombe akakuta sufuria tupu. Aliiinamisha kwenye mwanga wa mlango ili ahakikishe. Majani aliyoyachemsha alfajiri yalikuwa yamelala chini, yamejikunja, na maji yote yamekwisha. Alikuwa amempa mkwewe kikombe kimoja tu, tena hakikujaa. Maji yaliyobaki aliyaweka kwa ajili ya baadaye, mtoto akishatoka, ili damu isimwagike ovyo.

Aliingia chumbani. Atupele alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, ameuma ncha ya kitenge, uso umelowa jasho ingawa mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha baridi kali. Ikupa alimwuliza kama ndiye aliyekunywa yale maji. Mwanamke yule alijibu uchungu ulipomwachia kidogo.

"Uchungu ulikuwa unakwenda polepole, mama. Nilitaka niwe nimemaliza kabla Tuntufye hajarudi."

Tuntufye, mumewe, alikuwa kwenye banda la kukusanyia majani ya chai, akipima magunia ya wakulima wa upande ule wa Ikuti. Tangu wiki iliyopita alikuwa akisema watangulie Tukuyu, Atupele akangojee siku zake karibu na hospitali, kama manesi wa kliniki walivyoagiza. Kwenye kadi yake waliandika kwa kalamu nyekundu, wakapiga mstari chini yake mara mbili. Miaka miwili nyuma alipasuliwa, na mtoto akafa siku ya pili. Safari hii walisema asijaribu kujifungulia nyumbani. Lakini kila siku Atupele alikuwa na sababu ya kuahirisha. Mvua, kwaya, ng'ombe aliyekaribia kuzaa.

Alhamisi alikwenda jikoni kwa mama mkwe wake, akapiga magoti, akaliomba lile jani.

Watu wa ukoo wake Ikupa hawalitaji kwa jina. Linaota kwenye chemchemi iliyo ndani ya msitu walimozikwa machifu wa zamani, na wanaoruhusiwa kulichuma ni wanawake waliokoma kuzaa. Mchumaji huenda kabla hajala, hasemi na mtu njiani, huacha unga kidogo wa ulezi pale penye jiwe na kurudi bila kugeuka. Jani hukaza mfuko wa uzazi. Mwanamke aliyechoka, ambaye uchungu umemkimbia, hunywa kidogo na mtoto hutoka. Kondo likigoma, hunywa na kondo hutoka. Damu ikizidi, hunywa na damu hukatika. Ikupa, aliyekuwa mkunga, alilitumia zaidi ya miaka thelathini, mwanzoni likichumwa na mama yake, na hakupata kuona mama akimfia mikononi. Sharti kubwa lilikuwa moja: jina lake lisitajwe mbele ya mwanamume. Likitajwa, humgeukia yule aliyelinywa.

Yote hayo aliyafanya akiwa mzee wa kanisa. Mchungaji hakujua, au alijua akanyamaza, maana mke wake mwenyewe aliwahi kulinywa.

Siku ile ya Alhamisi Ikupa alikataa. Alimwambia Atupele waziwazi kwamba hajui jani hilo lingefanya nini kwenye tumbo lenye mshono. Mama yake hakumfundisha, kwa sababu enzi zake hakukuwa na mwanamke aliyepasuliwa akarudi nyumbani. Atupele hakutaka kusikia. Mwanamke mmoja kwenye benchi la kliniki alimwambia kwamba ukikatwa mara ya pili, ya tatu wanakufunga kizazi kabisa. Yeye alikuwa na miaka ishirini na minne na hakuwa na mtoto hata mmoja aliye hai. Alilia siku mbili, akakataa kula. Jumamosi alfajiri uchungu ulipomwanza, Tuntufye akiwa ameshatoka, alimshika Ikupa miguu. Ikupa akainuka na kwenda msituni.

Sasa aliweka kiganja juu ya tumbo la mkwewe. Lilikuwa gumu kama ubao. Alisubiri lilegee, kama tumbo la mzazi linavyolegea kati ya uchungu mmoja na mwingine. Halikulegea. Alisogeza mkono chini, pale penye kovu, na Atupele alitoa sauti ambayo Ikupa hakuwa ameisikia kwa mzazi yeyote.

Hakutafuta viatu. Alifunga kitenge sawasawa, akashuka mbio katikati ya migomba kuelekea bandani, tope likimfika kwenye vifundo vya miguu.

*

Gari lililokuwapo lilikuwa moja tu, lori la majani ya chai, nalo lilikuwa limeshajaa. Dereva wake, Ackson, alianza kueleza kwamba majani yakichelewa kiwandani yanapata moto na kukataliwa, kisha akamwona Tuntufye anakuja amembeba mkewe mikononi, akaacha kueleza. Alitandika gunia kwenye kiti ili kisichafuke. Ikupa aliliona lile gunia likitandikwa, akainamisha macho. Atupele aliwekwa katikati, Tuntufye akaegemea mlango akimshikilia. Ikupa alipanda nyuma, juu ya majani.

Barabara ilikuwa imechimbika kwa mvua. Kila lori lilipodumbukia kwenye shimo, Ikupa alisikia kilio kutoka mbele, akashika kamba za turubai na kuomba. Aliomba kwa Yesu. Halafu, kwa sauti ya chini, aliwaomba na wale wa msituni, kila mmoja kwa jina lake, na hakuona ajabu kuwachanganya.

Walifika hospitali karibu saa sita mchana. Nesi wa leba, Winfrida, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alimpokea Atupele, akamlaza, akampima, akaisoma ile kadi yenye mistari myekundu. Aliuliza kwa nini hawakuja mapema. Kisha akauliza swali analouliza kila siku.

"Amekunywa dawa yoyote ya kienyeji?"

"Hapana," alisema Tuntufye. "Sisi ni watu wa kanisa."

Winfrida alimtazama Atupele. Atupele alitikisa kichwa kukataa, macho ameyafumba. Nesi akamgeukia Ikupa.

"Na wewe bibi? Hakuna mliyompa, hata kidogo? Sikuulizi ili nikugombeze."

Ikupa alisema hapana. Alisema kwa Kinyakyusa, bila kufikiri, kisha akarudia kwa Kiswahili.

Nesi hakuridhika. Alikuwa ameligusa lile tumbo. Aliwatoa ndugu nje, wakakaa kwenye benchi la korido. Pembeni yao alikuwa mama mwingine ambaye binti yake naye alikuwa ndani, amekaa na uchungu siku nzima, mtoto amekaa vibaya. Yule mama aliwaambia kwamba chumba cha upasuaji ni kimoja, na kwamba binti yake ndiye anayefuata, wanasubiri tu kisafishwe. Aliwasalimu vizuri. Alimuuliza Ikupa kama ni mjukuu wa kwanza.

*

Daktari Prosper alitoka leba mwenyewe akaja mpaka kwenye benchi. Alikuwa kijana, mwembamba, gauni lake la kijani limelowa mbele. Hakukaa. Aliongea taratibu, kama mtu ambaye tayari amechoka kwa siku hiyo.

Alisema ana wazazi wawili na meza moja. Yule mwingine alitangulia, na kwa utaratibu ndiye anayeingia kwanza. Kazi yake itachukua kama saa moja. Kama uchungu wa Atupele ni wa kawaida, anaweza kusubiri hiyo saa akiwa anaangaliwa. Lakini kama kuna kitu alichokunywa kinachoukaza mfuko wa uzazi, ule mshono wa zamani hauwezi kustahimili saa nzima, na itabidi aingie sasa hivi, yule mwingine asubiri.

"Mgonjwa anakataa. Ninyi mnakataa. Mimi nahitaji kujua, mama, si kwa ajili ya kumshtaki mtu. Alikunywa nini, kiasi gani, na saa ngapi?"

Alikuwa akimtazama Ikupa.

Korido ilikuwa na watu. Kulikuwa na wanaume waliokuja kutazama wagonjwa, na wanawake wawili wa kanisa lao la Ikuti waliokuja kumwona jamaa yao, wamevaa sare. Ackson alikuwa ameegemea ukuta, hakuwa ameondoka. Tuntufye alikuwa amekaa ubavuni mwa Ikupa, mama yake, bega likigusa bega.

Ikupa alimwamini daktari. Lakini aliliamini pia lile alilofundishwa na mama yake, kwamba akifungua kinywa mbele ya wanaume hawa, Atupele atakufa pale pale kwenye kitanda cha leba. Ikupa alijaribu kufikiri iwapo angeweza kumwita nesi pembeni, amnong'oneze mwanamke mwenzake. Lakini nesi angemwambia daktari, na daktari ni mwanamume, kwa hiyo ingekuwa ni kulitaja tu kwa njia ndefu. Alikumbuka ugumu wa lile tumbo chini ya kiganja chake. Ndani ya leba, Atupele alilia mara moja, kisha akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikomwinua Ikupa kwenye benchi.

"Nilimpa dawa," alisema. "Alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu kikombe kimoja, na saa tatu vikombe viwili vizima."

Akalitaja jani kwa jina lake.

Daktari hakulijua jina hilo. Lakini Winfrida, aliyekuwa amesimama mlangoni nyuma yake, alikuwa mzaliwa wa wilaya hiyo hiyo ya Rungwe. Uso wake ulibadilika, akamwambia daktari maneno machache kwa haraka, na wote wawili wakarudi ndani karibu wakikimbia. Baada ya dakika chache kitanda cha Atupele kilipitishwa mbele yao kuelekea chumba cha upasuaji. Yule mama wa pembeni alisimama, akauliza kwa nini binti yake ameachwa. Alipoelezwa, alikaa tena na kumtazama Ikupa. Hakumsemesha tena. Binti yake aliingizwa baada ya saa moja na nusu akatoka salama, lakini wakati ule hakuna aliyejua kwamba ingekuwa hivyo.

Tuntufye alikuwa amehamia mwisho wa benchi.

"Vikombe vitatu," alisema. Hakupandisha sauti. "Na kovu unalijua. Ulikuwepo walipomkata."

"Nilikuwepo."

"Ni wewe uliyempa vyote?"

Ikupa alitazama mikono yake, yenye tope na harufu ya majani ya chai.

"Ni mimi," alisema.

*

Mfuko wa uzazi ulikuwa umechanika kwenye kovu la zamani, na haukushoneka. Daktari aliutoa. Alimweleza Tuntufye kwamba kama wangengoja ile saa moja, wangewapoteza wote wawili. Mtoto alikuwa wa kike, alitoka amelegea na kimya, wakamhangaikia muda mrefu kabla hajalia. Walimweka kwenye oksijeni. Tuntufye na Ackson walitoa damu. Ackson alirudi kwenye lori lake jioni, majani yote yameharibika, na hakuna aliyejua angewaambia nini kiwandani.

Ikupa alielezwa na Winfrida, kwa sababu mwanawe hakutaka kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amelitaja jani mbele ya wanaume, na aliyelinywa alikuwa hai. Angekufa kama Ikupa angenyamaza. Hilo lilimchanganya kuliko kila kitu kilichotokea siku ile, na kwa siku nyingi baadaye alilirudia moyoni bila kupata pa kuliweka.

Tuntufye alimwambia asiingie wodini. Alisema maneno hayo mlangoni, mbele ya wagonjwa. Ikupa alilala kwa binamu yake mjini, na kila asubuhi alileta uji wa ulezi na kuukabidhi kwa nesi.

Siku ya nne Tuntufye alikwenda Ikuti kuangalia ng'ombe, na Winfrida alimruhusu Ikupa aingie. Atupele alikuwa amelala chali, midomo imekauka. Mtoto alikuwa ameshatolewa kwenye oksijeni, amewekwa kando yake. Ikupa hakumgusa. Alimimina uji, akampulizia, akamshikia kikombe.

Atupele alikunywa kidogo, kisha akaanza kulia bila sauti, kwa sababu kulia kwa sauti kulivuta mshono.

"Nitamwambia ukweli," alisema. "Nitamwambia ni mimi niliyeomba, na ni mimi niliyemaliza sufuria."

"Utamwambia, halafu?"

"Halafu ajue."

Ikupa alikiweka kikombe chini. Alimwambia afikiri. Ndugu wa Tuntufye wangekaa kikao, hilo halikwepeki. Watatafuta mtu wa kubeba jambo hili, kwa sababu kijana wao hatapata tena mtoto kwa mwanamke huyu.

"Mimi watanirudisha kwa kaka yangu, kule Lufingo," alisema. "Kuna nyumba, kuna shamba. Wewe watakurudisha wapi?"

Wazazi wa Atupele wote wawili walikuwa wamekufa, na shangazi aliyemlea alikuwa akilala kwenye chumba cha kupanga Uyole.

"Nimeshasema ni mimi, mbele ya watu wote," alisema Ikupa. "Yaache hapo hapo. Kunywa uji."

*

Kikao kilifanyika Jumapili ya pili baada ya Atupele kurudi nyumbani. Asubuhi ya siku hiyo, Tuntufye alipokuwa akimmwagia maji ya kunawa, Atupele alishindwa kuendelea kubeba. Alimwambia yote, kuanzia Alhamisi ile jikoni hadi sufuria. Tuntufye alisimama na birika mkononi mpaka maji yakaisha kumwagika.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Mama tu."

Tuntufye alikaa juu ya kitanda. Alikuwa mtu anayempenda mkewe, na hakuwa mtu jasiri. Alifikiri juu ya baba yake mdogo, Lukasi, ambaye tangu mazishi ya mtoto wa kwanza alikuwa akimshauri atafute mke mwingine. Alifikiri juu ya mama yake.

"Usimwambie mtu," alisema hatimaye. Alitoka nje, na Atupele alimwona kupitia dirishani amesimama zizini kwa muda mrefu, amempa kisogo.

Walikuja ndugu saba. Lukasi alikalia kiti chenye mikono. Walikuja pia wazee wawili wa kanisa, ambao walisema kwa huzuni ya kweli kwamba Mama Tuntufye amesimamishwa uzee, na hatashiriki meza ya Bwana mpaka atakapotubu mbele ya usharika. Ikupa alikaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kitambaa kichwani. Aliulizwa kama ana la kujitetea. Alisema hana. Aliulizwa nani alimtuma kuchuma. Alisema hakutumwa na mtu, alijituma. Lukasi aliuliza mkwe alikuwa wapi akinyweshwa, akili zake zilikuwa wapi.

"Alikuwa na uchungu," alisema Ikupa. "Mtu mwenye uchungu hupokea anachopewa."

Chumba cha Atupele kilitenganishwa na sebule kwa pazia tu. Alisikia kila neno. Mara mbili aliweka miguu chini ili asimame, mara mbili akarudi.

Lukasi alisema mama huyu amekata uzao wa marehemu kaka yake kwa mkono wake mwenyewe, na hawezi kuendelea kulala kwenye nyumba ya kaka yake. Arudi kwao Lufingo. Aligeuka na kumuuliza Tuntufye kama ana neno. Wote walimgeukia. Ikupa naye alimtazama mwanawe kwa mara ya kwanza siku ile, na Tuntufye akajua kwamba anamtazama ili asiseme.

"Sina neno," alisema Tuntufye.

Hapakuwa na vitu vingi vya kufunga. Godoro, masanduku mawili, sufuria, Biblia na kitabu cha nyimbo. Pikipiki mbili ziliitwa kutoka barabarani. Tuntufye mwenyewe alilifunga godoro la mama yake kwa kamba ya mpira, akalifunga vibaya, akalifungua, akalifunga tena. Majirani walisimama kwenye migomba wakitazama. Wanawake watatu kati yao walizalishwa na Ikupa, na hakuna aliyesogea.

Ndipo Atupele alipotoka. Alitembea ameushika ukuta kwa mkono mmoja, mtoto kwenye mkono mwingine, hatua fupi fupi. Lukasi alimwambia arudi ndani, na akamwambia pia kwamba mtoto asikaribie mikono ya yule mama. Atupele alikuwa kama hakusikia. Alivuka ua wote mpaka penye pikipiki, akamweka mtoto mikononi mwa mama mkwe wake.

"Unafanya nini?" aliuliza Lukasi.

"Kidonda kinaniuma, baba," alisema. "Siwezi kumbeba. Na mwingine wa kunipokea hayupo."

Lukasi alitazama chini. Ikupa alikuwa hajamshika yule mtoto tangu azaliwe. Alimfunua uso, akamtazama vidole, akamweka begani, akampigapiga mgongo taratibu. Mtoto alicheua kidogo kwenye kitenge chake. Atupele alibaki amesimama mbele yake, kinywa kimefunguka, na Tuntufye, aliyekuwa na kamba mkononi, aliona kwamba mkewe anataka kusema. Hakujua kama yeye mwenyewe anaomba mkewe aseme au anyamaze.

"Mama," alianza Atupele.

"Mvalishe soksi," alisema Ikupa. "Miguu yake ina baridi."

Alimrudishia mtoto, akampandisha vizuri kifuani, mbali na kidonda, kisha akapanda pikipiki na kumwambia dereva waende.